Mwalimu Asiyejua Kueleza

Walimu wenzangu, asanteni. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua leo tena nimekuja na yule dubu. Mtanivumilia.

Filamu ni ile ya katuni, The Boy and the Beast ya Mamoru Hosoda, iliyotoka Japani mwaka 2015. Wengi mmeshaitazama, kwa hiyo kisa nitakipitia mbio: Ren, mtoto wa miaka 9, mama amefariki, baba hayupo. Anawatoroka jamaa zake, anazurura Shibuya, mtaa wa Tokyo, anaingia kichochoro na kutokea mji wa wanyama. Huko anamfuata Kumatetsu, dubu mpiganaji, mvivu, mdomo mchafu. Mtoto akikataa kutaja jina lake, dubu anaamua tu kumwita Kyuta, maana ana miaka tisa, na tisa kwa Kijapani ni kyu. Ndiyo usajili huo!

Somo la kwanza ni upanga. "Shika upanga ulio moyoni!" Mtoto anauliza, moyoni wapi? Mwalimu anarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mnacheka nini? Nani humu hajawahi kurudia sentensi ileile kwa kelele akadhani amefafanua?

Basi mtoto anaacha kuuliza, anaanza kumfuata nyuma. Dubu akipiga hatua, naye hatua. Akigeuka, naye anageuka. Kumatetsu anakereka, anamfukuza, wapi! Siku zinakwenda, hadi mtoto anaufahamu mguu wa dubu kwa mlio wake tu, anajua utatua wapi kabla haujatua. Tena hakuna aliyemwambia neno. Nendeni gereji yoyote mkamwangalie mwanagenzi aliyeshinda miezi akimshikia fundi spana. Halafu linakuja ninalolipenda kuliko yote: dubu anagundua kwamba mtoto anaiona miguu yake vizuri kuliko anavyoiona mwenyewe, naye anakubali kufundishwa. Kwa kununa, lakini anakubali.

Kuna mtu pale nyuma atasema, "Kwa hiyo tufoke?" Hapana, bwana! Kelele hazikumfundisha Kyuta chochote. Kilichomfanya abaki ni lile pambano la Kumatetsu na mpinzani wake Iozen, ngiri mpiganaji: mji mzima unamshangilia Iozen, upande wa dubu hakuna hata mmoja. Mtoto aliyekosa mtu anamwona mtu mzima aliyekosa mtu, na sauti inamtoka: usishindwe! Baada ya hapo ndipo anapoyabugia yale mayai mabichi aliyoyakataa asubuhi. Kumatetsu naye hakuwahi kuwa na mwalimu, alijikuza mwenyewe. Angetoa wapi maelezo?

Mratibu ananionyesha saa. Kaede, yule msichana anayemfundisha Ren kusoma miaka minane baadaye, nilimwandalia kurasa tatu, zitabaki mfukoni. Ila Iozen simwachi. Mstaarabu, mpole, kila mtu anamsifu. Amemlea Ichirohiko, mtoto wa binadamu, na kila anapouliza mbona pua yangu haifanani na yako, mbona meno ya ngiri hayanioti, anaambiwa yataota, wewe ni mwanangu. Uwongo ule ulimjaza mtoto giza moyoni, mmeona wenyewe. Kumatetsu, pamoja na matusi yake yote, hakumficha Kyuta kuwa ni binadamu hata siku moja.

Lakini wakija hapa wote wawili na vyeti vyao, kamati yoyote ya ajira ninayoijua ingemchukua Iozen kabla ya chai ya saa nne.