Mtoto Naye Apewe Kazi ya Krismasi

Bwana Yesu asifiwe. Haya kaeni jamani, mlioko nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Watoto waacheni tu wazunguke hawanisumbui, kwanza ni wao tunaowazungumzia.

Wengi mnanijua, huu mwaka wa kumi na moja nafundisha sandei skuli darasa la wadogo, wa miaka mitatu mpaka sita, na kila Majilio ikifika, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, nasimama hapa nasema jambo lilelile na sitachoka kulisema: mtoto mdogo apewe kazi ya Krismasi. Kazi ya mikono yake. Sio kununuliwa nguo na viatu vinavyowaka taa halafu anaambiwa kaa hapo usichafuke. Mwezi wa kwanza huwa nawauliza darasani Krismasi mlifanya nini, wananijibu tulivaa, tulikula pilau, tulikunywa soda, tulienda bichi. Nikiuliza nyumbani mlitengeneza nini wananikodolea macho tu. Watatengeneza saa ngapi? Tarehe 24 jikoni mko watu wanane, mtoto akisogea kidogo ni toka hapa utaungua, nenda kaangalie katuni.

Ngoja niwape ya nyumbani kwangu, waliowahi kuisikia wanivumilie. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka minne na nusu. Jumamosi moja kabla ya sikukuu nakanda unga wa maandazi, yeye kang'ang'ania sketi yangu, mama na mimi, mama na mimi. Nikamkalisha kwenye mkeka na kile kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, nikamwekea iliki kiganja kimoja, nikamwambia pasua ganda, toa mbegu, twanga. Jamani yule mtoto alikaa pale karibu saa nzima! Ganda la iliki kwa vidole vile sio kazi ndogo, analipasua kwa kucha ulimi umetoka nje, mbegu tatu zinaingia kinuni mbili zinaruka, anazifuata mpaka uvunguni mwa kabati anaokota mojamoja anarudi nazo, nyingine zimeshika vumbi anazipuliza. Alipoanza kutwanga ile harufu ikampanda, akaacha mchi akaingiza pua kwenye kinu, chafya hiyo, iliki yote ikamrudia usoni. Tukaanza upya. Usiku nikamwambia kaoge akakataa kunawa mikono, akalala kaweka viganja puani.

Kesho yake nikampa kazi nyingine, ahesabu maandazi sitasita kwenye sahani za majirani. Alikuwa akifika nne anaruka anasema saba, kwa hiyo kuna majirani walipata matano na wengine wanane, sikurekebisha. Akatoka na kaka yake kupeleka. Tuna jirani yetu Muislamu ambaye Idd haijawahi kupita bila sahani yake kuingia kwangu, basi mwanangu alivyofika pale mlangoni hata hodi hajaimaliza anasema "Shikamoo mama, iliki nimetwanga mimi." Sasa hivi yuko kidato cha pili, sauti imekuwa nzito, Desemba ikifika kile kinu anakishika yeye, mdogo wake akikigusa ni ugomvi. Nguo ya mwaka ule nimemuuliza, haikumbuki. Na nililipa hela nyingi ile nguo.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mwalimu mimi natoka kazini na foleni ya Mbagala nafika saa tatu usiku, huo muda natoa wapi. Mbona na mimi napanda daladala hizohizo? Sikilizeni vizuri, sijasema uongeze kazi. Maandazi nilikuwa nayapika tu, iwe mtoto yupo au hayupo. Nimesema katika kazi uliyonayo mkatie kipande. Kuchambua mchele wa pilau, mpe sinia. Kumenya njegere, kupanga vikombe, kufuta viti, kumwagilia maua pale barazani ili wageni wakija wayakute yamechangamka. Atachelewesha, ndiyo. Atamwaga, ndiyo, atafagia. Kama unataka mchele umalizike haraka, chambua wako pembeni na wake mwachie.

Halafu lipo lile la kila mwaka, eti mti na mataji ni mambo ya wazungu. Haya. Hili taji la mishumaa minne tunalowasha hapa kanisani lilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Johann Hinrich Wichern, Mlutheri mwenzetu, alikuwa analea watoto maskini kwenye kituo chake, na wale watoto kila siku wanamuuliza Krismasi ni lini, Krismasi ni lini, kama wa kwenu tu. Akachukua gurudumu bovu la mkokoteni akapachika mishumaa, mikubwa ya Jumapili, midogo ya siku za kazi, kila siku unawashwa mmoja, watoto wakawa wanaona wenyewe siku zinavyosogea. Na pango la Krismasi wanaloliweka ndugu zetu Wakatoliki, mtakatifu Fransisko wa Asizi alilifanya kijiji cha Greccio, Italia, mwaka 1223, kwa nyasi na ng'ombe na punda wa kwelikweli, alitaka watu waone kwa macho Yesu alivyozaliwa horini. Mmeona lakini? Huyu kaokota gurudumu, yule kaleta punda. Walichukua vilivyokuwepo. Na wewe chukua vilivyopo kwako, hakuna aliyekutuma Kariakoo ukanunue mti wa plastiki.

Kwangu tunatumia tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga. Mivinje imejaa huku pwani, omba kwa mwenye nao usikate hovyo. Siku tunazihesabu kwa vifuniko vya soda, vifuniko 24 kwenye chupa ya jemu, kila asubuhi mmoja anatoa kimoja, kwa zamu, na zamu hiyo wanaikumbuka kuliko shule.

Mapambo ni unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kama kikombe kimoja lakini utie kidogokidogo, kanda mpaka uache kunata. Wape wafinyange kondoo, nyota, mtoto Yesu, chochote. Kabla hakijakauka toboa tundu kwa njiti ya kiberiti upitishe uzi. Anika juani siku mbili tatu, unageuza, na hizi mvua za vuli zikianza kimbia ukaanue. Hauliwi huo unga, chumvi ni nyingi mno, waambie wadogo mapema na mbwa asiupate. Na tafadhali sana akina mama, nawaomba, msirekebishe! Mtoto amefinyanga punda wa miguu mitatu, mwache na miguu yake mitatu. Mwaka jana mzazi mmoja aliniletea mapambo mazuri kabisa, kondoo wamenyooka utafikiri wa dukani, nikamuuliza mtoto kondoo wako ni yupi, akasema wote wa mama.

Muda unaniishia, haya mengine nayapitia haraka. Mafuta ya kukaangia: mtoto hasogei, unamchorea mstari kwa chaki sakafuni, hapa ndio mwisho. Mshumaa anawasha mkubwa na anayeondoka wa mwisho anauzima. Fataki mimi sitaki hata kuzisikia, nimeona kidole cha mtoto kilivyofanywa na fataki.

Wale mnaopanda mabasi pale Mbezi kwenda Moshi, msifike mkawaacha watoto sebuleni na simu zenu. Bibi yupo. Waende naye shambani wakakate majani ya ng'ombe, wamenye ndizi za mtori, mikono iwe myeusi kwa utomvu. Mbuzi akichinjwa, wapo watoto wanaotaka kuona na wapo wanaolia, usilazimishe.

Akina baba lenu lilikuwa refu, nimeliandika hapa kurasa mbili, lakini naona mzee wa kanisa ameshaangalia saa mara tatu. Mtalisikia Jumapili ijayo, na mje. Pale meza ya pembeni nimeleta unga kilo tano na chumvi na beseni mbili, naona kuna wawili wameshaingiza mikono. Mama yao nani? Hapana, usiwatoe, waache hapohapo. Niletewe maji kwenye jagi, na kila mzazi akae na wa kwake.