Kuokoa lenzi kuukuu iliyoingia kuvu: Helios 44-2, hatua kwa hatua

Assalamu alaykum, na karibuni tena darini kwetu, Mkomani, Lamu. Sauti ya punda mtakayoisikia si hitilafu ya simu zenu. Kichochoro kiko chini ya dirisha, na huyu bwana sina uwezo naye.

Lenzi ya leo ni hii hapa: Helios 44-2, milimita 58, tundu la kupitishia mwanga linafunguka mpaka f/2. Niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeandika "safi kabisa, haina doa". Ilivuka kwa boti kutoka Mokowe, nikaipokea gatini, nikapanda nayo mpaka hapa, nikaimulika tochi. Tazameni wenyewe. Hizo nyuzi nyeupe zilizotandaa kama mizizi ni kuvu, na mahali pake ni ndani ya lenzi, huku nje kukiwa kumepanguswa kukang'aa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza huja kabla ya bisibisi. Mulika. Fungua tundu mpaka mwisho, weka tochi upande mmoja, nawe chungulia upande wa pili kwa pembeni, usitazame mwanga moja kwa moja. Vumbi kidogo lisikutishe, kila lenzi ya umri huu inalo. Ukiona nyuzi, hiyo ni kuvu. Ukiona wingu jepesi kama pumzi juu ya kioo, huo ni mvuke wa grisi kuukuu uliotua, nao hutoka kirahisi. Ukiona rangi za upinde pembezoni mwa kioo, kama mafuta ya injini yanavyoelea majini, gundi inayoshika vioo viwili imeanza kuachia. Hiyo mrudishie mwenyewe.

Ukitaka kujua ulichoshika, soma pete ya mbele. Hii yangu imeandikwa kwa herufi za Kirusi, maana yake ilitengenezwa kwa soko la ndani la Urusi ya Kisovieti. Za kuuzwa nje ziliandikwa HELIOS kwa herufi hizi tunazozijua. Namba zake zinaanza na 78, na kwa lenzi hizi tarakimu mbili za mwanzo kwa kawaida ni mwaka, yaani 1978. Kiwanda utakitambua kwa nembo: ya Krasnogorsk, karibu na Moscow, ina mche wa kioo na mstari wa mwanga unaoupenya. Nyingine zilitoka Minsk na Valdai. Mchoro wenyewe si wao. Asili yake ni Biotar ya Carl Zeiss Jena, ya Ujerumani. Zilitengenezwa nyingi mno pamoja na kamera za Zenit, ndiyo maana bei yake bado inavumilika, nami ndiyo sababu naifundishia. Usijifunzie kwenye lenzi adimu. Ukishafungua Helios tatu ukazifunga zikafanya kazi, hapo uguse ile ya babu.

Tena, kabla ya kuagiza Ulaya, uliza mitaani. Mji huu una historia ya picha. Marehemu Omar Said Bakor na studio yake alikuwa akikata picha kwa mkasi na kuzibandika upya, akatunga vitu ambavyo leo watu hudhani vimefanywa kwa kompyuta. Malindi nako wageni wamekaa miaka na miaka, wakija na kamera zao. Muulize ami yako, muulize bibi, kuna nini ndani ya lile sanduku juu ya kabati. Mimi lenzi yangu bora sikuinunua, nilipewa na mzee mmoja kwa sharti nimpige picha moja nzuri ya kuweka ukutani.

Haya, vifaa. Sinia, tena lenye ukingo, ili skrubu ikianguka isifike kwenye nyufa za sakafu. Juu yake shuka nyeupe isiyotoa nyuzi. Trei ya mayai ya kupangia skrubu, shimo moja kwa hatua moja. Bisibisi ndogo za fundi saa zenye ncha nzima. Spana ya ncha mbili ya kufungulia pete zenye vijishimo. Kizibo cha mpira cha sinki, nitaonyesha kazi yake. Kipulizi cha mpira, pamba, glavu, penseli. Na simu: piga picha kila kitu kabla hujakitoa. Kichwa chako kitakudanganya, picha haitakudanganya.

Dirisha la upande wa upepo lifunge. Kusi likivuma huku juu, vumbi la chokaa na chumvi huingia mpaka ndani ya mtungi. Nami kazi hii naipendelea wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa ikiwa kavu kidogo.

Sasa tunafungua. Kizibo cha mpira nakikandamiza juu ya pete yenye jina, nazungusha kinyume cha saa. Haina pa kushika kwa spana, hushikwa kwa msuguano tu. Ikikataa, usiongeze nguvu. Tone moja la spiriti kwenye hesi, ile mifereji ya kukazia, subiri dakika kumi, jaribu tena. Imetoka. Chini yake ndiko linakoshikiliwa kundi la vioo vya mbele. Natia spana kwenye vijishimo, mkono wa kushoto umeziba kioo. Spana ikiteleza, bora ikukwaruze kidole kuliko kioo.

Ndani ya Helios mna vioo 6 katika makundi 4, na mawili kati ya makundi hayo ni vioo viwili viwili vilivyogandishwa kwa gundi. Kuvu ikiingia kati ya hivyo vilivyogandishwa, sisi wa darini hatuna la kufanya. Yetu inakaa kwenye nyuso zinazotazamana na tundu, moja mbele, moja nyuma. Kwa hiyo nageuza lenzi, nafungua na kundi la nyuma, kisha nasimama hapo. Sifungui zaidi. Kila kioo unachokitoa kwenye nyumba yake bila sababu ni nafasi mpya ya kukirudisha kimepinda au kimegeuka. Ukilazimika kukitoa, kitie alama ndogo ya penseli ubavuni, mshale ukielekea mbele.

Dawa. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayotoa povu kwenye kidonda, duka lolote la dawa wanayo. Nachanganya na amonia ya kusafishia nyumba, kiasi kwa kiasi, kijiko cha chai tu kinatosha. Dirisha la upande usio na upepo sasa lifunguliwe, maana harufu yake ni kali. Na nisikilizeni vizuri hapa: jiki isikaribie. Jiki na amonia hutoa gesi ya sumu. Usitumie hata kikombe kilichokuwa na jiki.

Pamba inalowa kidogo, haidondoki. Naanza katikati nazunguka kwenda nje, bila kukandamiza. Pamba hiyo natupa, nachukua nyingine. Usirudishe pamba chafu kwenye kioo, chembe moja ya mchanga wa Shela inatosha kukuachia mstari wa maisha. Dakika moja, mbili, halafu nafuta kwa maji safi yaliyochemshwa na kuchujwa, namalizia na spiriti isiyo na rangi. Ile ya buluu ya kuwashia jiko huacha alama, wacha ibaki jikoni.

Namulika tena. Nyuzi zimeondoka, ila hapa pembeni, mnaona? Kuna michoro kama nyayo za mdudu. Kuvu hutoa tindikali, na ikikaa muda mrefu hula ule utando wa rangi juu ya kioo. Hiyo haifutiki. Wala haina madhara makubwa kwenye picha, labda ukipiga ukielekea jua. Usiisugue ukidhani ni uchafu.

Wakati vioo vinakauka, tazameni tundu. Vibati vyake ni 8, na vya kwangu vina mafuta yanayong'aa. Kwenye lenzi zinazojifunga zenyewe kwa springi, mafuta haya ni ugonjwa, vibati hunata na picha hutoka nyeupe. Helios 44-2 haina springi hiyo. Ina pete mbili: moja unachagua kipimo, ya pili unafunga na kufungua kwa mkono. Kwa hiyo haitakwama, ila mafuta hayo yakipata joto letu hupanda kwenye kioo na kufanya lile wingu. Nayafuta kwa pamba na spiriti, nafungua, nafunga, nafuta tena, mpaka pamba itoke nyeupe. Vibati hivi usivipake mafuta tena. Vinatakiwa vikavu.

Pete ya fokasi yangu inazunguka vizuri, basi siigusi. Ya kwako ikiwa ngumu kama bawaba ya mlango wa msikiti uliofungwa mwaka mzima, grisi imekauka, na itabidi utenganishe hesi zake. Hapo ndipo nilipolia mimi. Hesi hizi zina mianzo mingi, yaani mahali pengi pa kuanzia kukaza, na zikiachana bila alama utazirudisha mahali ambapo si pake. Fungua polepole, na palepale zinapoachana kwaruza alama kwenye sehemu zote mbili. Mara ya kwanza sikufanya hivyo, nikakaa jioni mbili nikijaribu mwanzo mmoja baada ya mwingine, chai ikipoa. Grisi mpya iwe nyepesi ya lithiamu, kiasi cha kupaka kucha. Mafuta ya nazi hapana, hata kama ndiyo yaliyo karibu. Yanayeyuka, yanatembea, na kuvu inayapenda.

Tunafunga. Kundi la nyuma, kundi la mbele, kila moja likipulizwa kipulizi kwanza. Pumzi ya mdomo ina mate, isitumike. Hesi ianze kwa kurudi nyuma, geuza kinyume mpaka usikie "tik", ndipo uende mbele. Ikianza kupinda, toa, anza upya.

Sasa kuivisha kwenye kamera ya leo. Kitako cha Helios ni cha M42, hesi ya milimita 42. Lenzi hii iliundwa ikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Namba hiyo ishike kichwani, maana ndiyo inayoamua yote. Kamera ya Sony isiyo na kioo cha ndani cha kuakisi picha ina milimita 18 kutoka kitakoni hadi kwenye sensa, iliyo mahali pa filamu, kwa hiyo adapta, pete ya kuunganishia, inajaza 27.46 zilizobaki, bomba tupu lisilo na kioo wala umeme. Canon ya zamani yenye kioo ina 44, adapta yake ni pete nyembamba ya milimita 1.46, japo kwenye baadhi ya miili yenye sensa kubwa kioo cha kamera huweza kugonga nyuma ya lenzi, jaribu taratibu. Nikon ya kioo ina 46.5, imeshapita. Hapo bila adapta yenye kioo cha kurekebisha huwezi kuona mbali, na kioo hicho cha bei rahisi huharibu ulichonunulia lenzi. Mwenye Nikon ya namna hiyo, samahani ndugu yangu, tafuta lenzi nyingine.

Ukishavisha, ingia kwenye menyu uruhusu kamera ipige hata isipotambua lenzi. Kama mwili wake unatuliza mtikisiko, mwambie ni milimita 58.

Kipimo cha mwisho: pete ya fokasi mpaka kwenye alama ya nane iliyolala, yaani mbali kabisa. Natoka barazani, naelekeza ng'ambo, kwenye mikoko ya Manda, nakuza picha kwenye skrini. Matawi yanatakiwa yakate kama wembe. Yangu yamefifia kidogo. Basi nalegeza skrubu tatu ndogo zilizozunguka pete ya fokasi, siziondoi, nazungusha lenzi mpaka mikoko ikae sawa, nashikilia hapo, narudisha pete kwenye alama, nakaza. Tayari.

Nataka muone inachofanya. Mpwa wangu, kaa hapo chini ya mwarobaini, mita moja na nusu, majani yawe mbali nyuma yako. Tundu f/2. Tazameni majani yanavyozunguka kichwa chake kama maji ya kisima yaliyokorogwa. Programu ya simu hujaribu kuigiza hii, na mimi mpaka leo naitambua kwa jicho.

Neno moja kwa wenye Super-Takumar 50 ya f/1.4, lenzi nyingine kuukuu, ya Kijapani. Nyingi zake zina kioo chenye thoriamu, madini yenye mionzi, na kwa miaka hugeuka manjano kama chai ya rangi. Jua huirudisha, kwa siku kadhaa. Lakini funga nyuma yake kwa karatasi ya foili, ukae karibu. Lenzi iliyoachwa dirishani ni jicho la moto, na sisi tunaishi chini ya makuti.

Kuhifadhi. Ule mkoba wa ngozi uliokuja nayo, mzuri kweli, weka mbali. Ngozi hunyonya unyevu na kuvu huanzia humo. Naweka lenzi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu na kipima unyevu kidogo. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Mchele hapana, unaacha unga. Silika ikichoka, ianike juani, irudishe.

Nafunga kopo. Wiki tatu kutoka leo namulika tochi tena, pembe ileile. Ikiwa kuna uzi hata mmoja, sinia linarudi mezani.