Vitamini D na Mifupa Baada ya Hedhi Kukoma

Mama zangu na dada zangu, kila ninapozungumzia mifupa huulizwa: "Hedhi imekoma, ninunue vidonge vya vitamini D?" Kwanza tujue kama mwilini imepungua.

Ngozi huitengeneza inapopata jua, ini huibadilisha, figo huikamilisha, ndipo utumbo ufyonze vizuri kalsiamu ya chakula. Ikiadimika, kalsiamu ya damu nayo hutaka kushuka. Hapo vitezi vinne vidogo vya shingoni huchochea mifupa iachie kalsiamu yake. Damu inasalimika, mfupa unaumia, na mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu yoyote.

Lakini hedhi ikikoma kinachopungua hasa ni estrojeni, homoni iliyokuwa ikizidhibiti seli zinazobomoa mfupa. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo, mwanamke anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Vitamini D haiwezi kuziba pengo hilo peke yake, na matangazo ya vidonge hayasemi hivyo.

Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1992, walishiriki wanawake wazee zaidi ya 3,000. Waliopewa yuniti 800 za vitamini D na gramu 1.2 za kalsiamu kila siku walivunjika nyonga kwa uchache zaidi kuliko wasiopewa, pungufu ya asilimia 43. Wengi wao walikuwa na upungufu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, watu zaidi ya 25,000, wengi wakiwa hawana upungufu, walifuatiliwa. Yuniti 2,000 kwa siku hazikupunguza kuvunjika mifupa. Na katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2010, wanawake wa miaka 70 na kuendelea waliomeza yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wasiomeza. Nawasihi, msimeze dozi kubwa kwa kuambiwa na jirani.

Ninayemhofia zaidi ni mama aliyeteleza sakafuni, akavunjika mkono karibu na kiganja, akafungwa plasta na kurudishwa nyumbani bila kuulizwa lolote kuhusu mifupa yake. Mama huyo aombe kipimo cha DEXA, yaani eksirei maalumu ya kupima uimara wa mifupa. Akikutwa mifupa imedhoofika, zipo dawa za kupunguza ubomoaji, kama alendronati. Na kabla hajaanza, daktari ahakikishe kalsiamu na vitamini D yake ziko sawa, kwani dawa hizo zinaweza kuishusha kalsiamu ya damu.