Ajira Zimerudi Michigan: Zimerudi kwa Nani?

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo nawajibu mnaonipigia simu kila wiki mkiuliza: "Kaka, tunasikia huko Michigan kazi zipo tele, tuje?" Nitajibu, ila kwanza mjue jimbo hili limetokea wapi.

Mdororo mkubwa wa Marekani ulianza Desemba 2007 ukaisha Juni 2009. Hapa Michigan maumivu yalikuwa yameanza mapema zaidi. Tangu 2000 viwanda vya magari vilikuwa vinapunguza watu, na kufikia 2009 jimbo lilikuwa limepoteza ajira zaidi ya 800,000. Mwaka huo kampuni ya magari ya Chrysler ikakimbilia mahakama ya ufilisi mwishoni mwa Aprili, mwenzake General Motors ikafuata tarehe 1 Juni. Kilele cha ukosefu wa ajira kwa Marekani nzima kilikuwa asilimia 10, Oktoba 2009. Michigan ilivuka 13.

Na kiwanda cha magari kikifungwa hakiondoki peke yake. Anayeshona viti anafunga, anayetengeneza nyaya anafunga, dereva wa lori anapaki, mama mwenye mgahawa nje ya geti anakosa wateja. Nendeni mkasome habari za Flint, mji ambako General Motors ilianzishwa mwaka 1908. Miaka ya 1970 kampuni hiyo iliajiri watu kama 80,000 mjini humo na vitongoji vyake. Leo hawafiki 10,000.

Sasa, mambo yakageuka. Serikali kuu ilimwaga mabilioni ya dola kuokoa kampuni zile, watu wakaanza kununua magari tena, na mwaka hadi mwaka asilimia ya wasio na kazi Michigan ikashuka. Kufikia 2019 ilikuwa karibu 4. Mwanasiasa gani asingeitangaza?

Lakini hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Huku anayehesabiwa kuwa hana kazi ni yule aliyetafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita, au anayesubiri kuitwa na mwajiri aliyemsimamisha. Baba wa miaka 55 aliyezunguka mpaka akakata tamaa, akakaa nyumbani, hayumo. Kijana aliyefungasha akahamia Texas, Michigan haimhesabu tena. Kwa hiyo asilimia inaweza kushuka bila hata mtu mmoja kuajiriwa! Sensa ya 2010 ilionyesha kwamba Michigan ndilo jimbo pekee la Marekani lililopungukiwa watu tangu 2000. Na hata hiyo 2019 ya kujivunia, idadi ya ajira ilikuwa bado haijafikia ile ya mwaka 2000.

Halafu kuna suala la mshahara, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mkataba wa 2007 kati ya kampuni za magari na chama cha wafanyakazi, UAW, uliruhusu madaraja mawili. Mzee wa zamani alipata kama dola 28 kwa saa, mgeni akaanza na kama dola 14. Wanasimama kwenye laini moja, wanafunga bolti zilezile, shifti moja. Uchumi ulipoinuka na kazi kurudi, wengi waliingia kwa mlango huo wa chini, au kupitia wakala, ambapo unavaa ovaroli kama wenzako lakini kampuni yenyewe haikutambui kama mtu wake. Takwimu zinamwandika huyo kuwa ameajiriwa, sawasawa na yule wa dola 28.

Ilichukua miaka mingi kurekebisha. Septemba 2023 UAW iligomea kampuni zote tatu kubwa za magari, yaani General Motors, Ford na Stellantis (inayomiliki Chrysler), kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Baada ya wiki kama sita wakapata nyongeza ya asilimia 25 ndani ya muda wa mkataba, na mfanyakazi mpya akawa anafikia mshahara wa juu kwa miaka mitatu badala ya minane. Mimi nasema huo ndio ufufuo wa kweli, na uliletwa na watu waliokubali kusimama nje ya geti bila mshahara.

Mwaka 2020, wakati wa korona, ukosefu wa ajira hapa Michigan ulipanda tena mpaka zaidi ya asilimia 20 mwezi Aprili. Safari hii ulishuka haraka kwa sababu wengi walisimamishwa tu, wakaitwa tena.

Kwa hiyo, mje? Kama una kibali halali cha kufanya kazi, kazi zipo. Lakini mtu akikwambia "nimekupatia nafasi kiwandani," muulize: mwajiri wangu ni kampuni au wakala? Naanza na dola ngapi kwa saa, na baada ya muda gani zinapanda? Bima ya afya inaanza lini? Ovataimu ni hiari au lazima? Akishindwa kukujibu, usiuze shamba wala kukopa nauli. Mwambie akuletee majibu kwa maandishi kwanza.