Kamba, Gamba Lake na Ndoano Yako

Mhadhara uliotolewa Dodoma kwa wavuvi wa mshipi na wanafunzi wa uvuvi

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Ahsanteni kwa kufika, hasa ninyi mliotoka Hombolo na Mtera kwa jua hili.

Wengi hapa mnavua kambale na perege. Leo nazungumzia besi mdomo mpana, samaki wa Marekani ambaye alipelekwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Mwaka 1970 akapandikizwa humo kamba mwekundu wa maji baridi, yule mwenye magando makubwa, ambaye naye asili yake ni Marekani. Besi wakubwa wakamla kweli kweli.

Siri yote ya kumvua besi kwa chambo cha kuiga kamba iko kwenye kujivua gamba. Gamba la kamba halitanuki, kwa hiyo ili akue ni lazima alivue lote, la mwilini, la miguuni, hadi la machoni. Kabla ya hapo hunyonya chokaa ya gamba kuukuu na kuiweka akiba tumboni, ikaganda kuwa vijiwe viwili vyeupe. Hivi hapa, pokeeni, mkishaviona pitisheni nyuma. Akishajivua, vijiwe huyeyuka na chokaa ile huanza kukaza gamba jipya. Lakini kwa siku kadhaa yuko laini, na magando hayana nguvu ya kubana. Mwenye gamba gumu huinua magando akapigana. Huyu laini humezwa bila taabu.

Kamba wadogo hujivua mara nyingi kwa mwaka, wakubwa mara moja au mbili tu. Ndiyo maana siwashauri chambo bandia kikubwa chenye magando ya kutisha. Chukua kidogo, laini, chenye rangi inayokaribia ile ya mawe au matope ya mahali unapovua, kwa kuwa kamba mwenyewe hufanana na anapoishi.

Halafu mwendo. Kamba hutambaa polepole chini kabisa. Akishtuka, hukunja mkia kwa nguvu, akaruka kinyumenyume, kisha akatua. Basi buruza chambo chini, vuta ghafla kidogo, acha kitulie. Usiwe na haraka hapo! Anayevuta mshipi mfululizo anaiga dagaa, haigi kamba. Na kwa kuwa kamba hushinda mafichoni, akatoka giza likiingia, jioni na alfajiri ndizo saa zako.

Sasa hili nalisema kwa uzito. Kamba wa jamii hii hana asili popote Afrika bara. Kule Naivasha alichangia kumaliza mimea ya majini, na tayari jamaa yake wa Australia ameenea Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, na Mto Kafue wa Zambia. Anachimba mashimo kingoni, na malambo yetu mengi yameshikwa na tuta la udongo. Asilete mtu hata ndoo moja ya chambo hai huku. Sitanyamaza nikisikia.

Tunaye kaa wa maji baridi, wa kwetu, naye hujivua gamba vilevile, na kambale humla. Mkipasua kambale, lipasueni na tumbo lake kabla ya kulitupa. Mkikuta kaa, bonyezeni gamba kwa kidole kama ni gumu au laini, kisha andikeni mwezi, saa, na kama mlivulia kwenye mawe au matope. Leteni madaftari hayo tutakapokutana tena.