Pengo Ambalo Ubongo Hukuficha

Ndugu zangu, chukueni karatasi nyeupe na kalamu. Choreni msalaba mdogo kushoto, na kulia kwake, sentimita 8, wekeni nukta nyeusi kama punje ya choroko. Fumbeni jicho la kushoto, la kulia likodolee msalaba. Anzieni sentimita 40, kisha sogezeni karatasi usoni polepole. Ikikaribia sentimita 30, nukta inatoweka. Aliyeshindwa, karibu kila mara kosa ni moja: jicho limechungulia nukta. Rudi kwenye msalaba.

Nukta imeangukia pale neva ya jicho inapotokea kwenda kwenye ubongo. Hapo retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina hata seli moja ya kuhisi mwanga. Kwingine zimejaa, zaidi ya milioni 100, ilhali nyuzi za neva ni kama milioni 1 tu. Ndiyo maana retina huchuja kwanza: hupeleka zaidi kingo, mwendo na tofauti za mwanga.

Sasa niambieni, nukta ilipotoweka mliona shimo? Hapana. Mliona karatasi nyeupe. Ubongo, huku kisogoni, umetazama kilichopo pembeni ukatia kiraka. Pigeni mstari upite juu ya nukta, mrudie: mstari utaonekana mzima.

Kiraka hicho ndicho kinachotuponza kwenye glakoma, wengi tunaiita presha ya macho. Nyuzi za neva hufa kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu, na uoni huliwa kuanzia pembeni. Ubongo unatia viraka, jicho la pili nalo linamfichia mwenzake. Mtu anasoma gazeti vizuri kabisa, lakini anajigonga mlangoni na kukosa ngazi. Uzi uliokufa haurudi. Matone ya dawa hulinda uliobaki tu.

Kwa hiyo ukifika miaka 40, au mapema kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo, kapimwe. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini usiridhike na namba hiyo peke yake: wapo ambao neva yao imeharibika wakiwa na 16. Omba daktari aangalie neva yenyewe, kisha upimwe upana wa uoni, jicho moja moja. Kwenye mashine hiyo utaambiwa ukodolee taa ya katikati na kubonyeza kitufe kila uonapo kimulimuli pembeni. Usikifuate. Ukichungulia, kama kwa ile nukta, pengo halitaonekana kwenye majibu.