Anayeanza Linux asifukuzwe kwa jibu moja

Ndugu zangu wa Lubumbashi, mlionisikia zamani mnajua nitaanzia wapi: neno la siri. Nitalisema tena mpaka liwaingie.

Kijana wa Katuba amesakinisha Debian, aina moja ya Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, kwenye ordineta kuukuu. Anafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, anaandika sudo apt update ili apate orodha mpya ya programu, anaombwa neno la siri. Anaandika, hakionekani kitu. Herufi hakuna, nyota hakuna, hata kishale hakisogei. Anadhani kibodi imekufa. Anamuuliza yaya mmoja, yaani kaka mkubwa, anayejua, naye anamjibu: "Soma maelekezo." Jioni ileile Linux imefutwa.

Jibu lilikuwa la nusu dakika! Mfumo unapokea, ila unaficha hata idadi ya herufi, aliye nyuma yako asihesabu. Andika, bonyeza Enter, basi.

Na sisi tuna tabu nyingine ambayo ndugu zetu wa Zambia, ukivuka tu Kasumbalesa, hawaijui. Kibodi zetu nyingi ni AZERTY, za Kifaransa. Mpangilio ukigeuka kuwa wa Kimarekani, unabonyeza A inatoka Q, M inatoa nukta mkato, na tarakimu, kwa kuwa sisi tunazipata kwa Shift, zinatoka alama za ajabu. Sasa jumlisha: neno linaharibika, na mwenyewe halioni. Atakataliwa hadi usiku. Kwa hiyo mwambie aliandike kwanza pale herufi zinapoonekana, bila kubonyeza Enter, alitazame, alifute. Likitoka vingine, aende kwenye mipangilio ya kibodi achague Kifaransa.

Najua kuna atakayesema: tukiwatafunia kila kitu, watajifunza lini kutafuna? Sikubali. Amri ya man, inayoonyesha maelekezo ya amri nyingine, ipo na ni nzuri sana, lakini kurasa zake kwa kawaida ni za Kiingereza, na huyu kasoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Je, ulimwambia kwamba kuna kifurushi cha kusakinisha kinachoitwa manpages-fr, chenye kurasa hizo kwa Kifaransa? Hukumwambia. Basi usimwite mvivu.

Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, akiwa mwanafunzi wa Helsinki, Julai 1991 aliuliza mbele ya watu wapi angepata maandishi ya POSIX, kanuni za mifumo ya aina ya Unix. Hiyo ni kabla ya kutangaza mfumo wake tarehe 25 Agosti. Aliuliza! Na Ari Lemmke, aliyempa nafasi kwenye seva mwaka huohuo, ndiye aliyeita folda ile linux.

Nanyi mnaoanza, msiandike "haifanyi kazi" mkanyamaza. Nakilini ujumbe wote jinsi ulivyo. "Permission denied" ni ruhusa imekosekana. "Command not found" ni programu haipo, au umekosea kuandika jina. Ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbali kabisa.

Wale wanaomwambia mgeni aandike rm -rf, amri inayofuta mafaili bila kuuliza, kwa mzaha, hilo silicheki. Mtu amepoteza picha za watoto wake na kazi yake ya shule.

Kugawana vifurushi kwa flashi ili tuokoe mega za intaneti, nilitaka kulieleza, lakini saa imeisha. Tuonane pale mezani, mje na flashi zenu.

Maswali sasa. Waliosakinisha wiki hii waulize kwanza. Mayaya wanaojua wasubiri.